Ndawa, Ugoro na Sigara: Mabadiliko ya Matumizi ya Tumbaku Kisumu na Kandokando ya Ziwa Victoria

Utangulizi

Historia ya tumbaku katika Afrika Mashariki aghalabu huelezwa kana kwamba ni historia ya kitu kimoja. Husemwa kuwa tumbaku ililetwa na wageni, ikapendwa na wenyeji, ikalimwa na kuuzwa, na hatimaye ikapigwa vita na madaktari. Masimulizi ya namna hiyo yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Tumbaku haikutumiwa na watu wote kwa namna moja, wala haikuenea kwa njia moja. Mahali pamoja ilivutwa kwa kiko, pengine ilinuswa, kwingineko ilitafunwa. Kuna wakati ilikuwa starehe ya wazee wa kiume na wa kike, na kuna wakati ikawa alama ya kijana mwenye mshahara. Kila ilipobadilika namna ya kuitumia, walibadilika pia watu walioitumia. Na mara nyingi yalibadilika maneno.

Makala haya yanakusudia kuyachunguza mabadiliko hayo katika eneo la Kisumu na ufuko wa Kenya wa ziwa ambalo Waluo huliita Nam Lolwe. Eneo hili linafaa kwa uchunguzi wa aina hiyo kwa sababu tatu. Kwanza, ni mahali ambapo lugha za Kiniloti na za Kibantu zimekuwa zikipakana kwa karne nyingi. Pili, Kisumu ilikuwa kituo cha mwisho cha reli iliyotoka Mombasa, na kwa hiyo mlango wa bidhaa za viwandani kuingia katika nchi za ziwa. Tatu, katika ufuko huu ipo desturi ya uvutaji ambayo ni nadra kutajwa katika maandishi ya Kiswahili, ingawa haina siri kwa wenyeji.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba neno sigara, ambalo leo limetawala karibu mazungumzo yote ya Kiswahili kuhusu tumbaku, limeyafunika mazoea mengine ambayo hayajafa. Kufunikwa huko si jambo la wanaleksikografia peke yao. Mtu ambaye zoea lake halimo katika neno la onyo hawezi kujiona kuwa ndiye anayeonywa.

Jani na majina yake

Mmea wa tumbaku asili yake ni bara la Amerika. Kwa hiyo haukuweza kufika Afrika kabla ya safari za Wahispania na Wareno za mwisho wa karne ya 15. Katika pwani ya Afrika Mashariki neno la Kiswahili ni tumbaku, nalo lina ndugu zake katika lugha za Uajemi na Bara Hindi, jambo linaloonyesha kwamba biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa na sehemu kubwa katika kulieneza jani hili. Hata hivyo mkono wa Wareno haukukosa kuacha alama: neno tabakelo, lenye maana ya kikopo cha kuwekea ugoro, limetokana na Kireno. Msamiati wa zamani wa kiko nao unaonyesha jinsi uvutaji ulivyokwisha kukita mizizi pwani. Kamusi za Kiswahili za enzi za ukoloni ziliorodhesha bori, yaani kibakuli cha kutilia tumbaku. Digali, mrija unaotoka katika bori hadi kwenye chombo cha maji. Mdakale, mrija unaotoka kwenye maji hadi kinywani. Na malio, ule mlio wa maji yanapobubujika moshi ukipita. Watu hawabuni jina hata kwa mlio wa kitu wasichokizoea.

Kutoka pwani kuelekea bara neno hili lilisafiri pamoja na jani. Wakikuyu na Wakamba husema mbakĩ, na si vigumu kuona uhusiano wake na tumbaku. Upande wa magharibi wa ziwa hali ni nyingine: Waganda husema taaba, na kaskazini Waacholi na Walango husema taa. Maneno haya ni ya ukoo wa taba, wala hayana ule mwisho wa -baku. Inaonekana kwamba nchi za maziwa zilipata jina la tumbaku kwa zaidi ya njia moja.

Katikati ya koo hizo mbili wako Waluo wa Kenya, nao husema ndawa. Neno hili lina umuhimu wa pekee. Bethwell A. Ogot, katika kitabu chake kuhusu historia ya Waluo wa Kusini kilichotoka mwaka 1967, aliyaweka makundi ya kwanza ya Waluo huko Ramogi, katika Yimbo, karibu na mwanzo wa karne ya 16. Wakati huo tumbaku haikuwa imeingia katika nchi za ndani za Afrika Mashariki. Ni dhahiri basi kwamba wahamiaji wa kwanza hawakuja nayo. Ushahidi wa lugha unaafikiana na jambo hili: lau tumbaku ingalijulikana kabla ya Waluo wa Kusini kutengana na ndugu zao Waacholi na Walango, ingalitazamiwa kwamba wote wawe na jina moja. Lakini hawana. Waluo walilijua jani wakiwa tayari katika makao yao ya ziwani, na wakalipa jina lao huko huko.

Hapa yafaa kutoa tahadhari. Msomaji wa Kiswahili akilisikia neno ndawa hulikumbuka mara moja neno dawa, ambalo asili yake ni Kiarabu. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa nasaba. Itambidi anayetaka kuunganisha maneno haya mawili aonyeshe pia njia ambayo neno la pwani lingepitia hadi ziwani, na sababu ya Waluo kulichukua neno la tiba kwa ajili ya kitu ambacho watu wa pwani wenyewe walikiita kwa jina jingine kabisa.

Kitenzi nacho kina habari zake. Mswahili huvuta tumbaku, yaani huangalia kitendo cha pumzi. Mluo husema madho ndawa, na madho ni kunywa. Mwacholi kadhalika hunywa taa, Mganda hunywa taaba, na Mkikuyu hunywa mbakĩ. Waarabu nao hunywa moshi, na Waingereza wa karne ya 17 walisema vivyo hivyo katika lugha yao. Kwa hiyo Kiswahili, ambacho kwa kawaida hudhaniwa kuwa ndicho kipimo cha lugha za eneo hili, katika jambo hili kimejitenga na majirani zake wa bara. Tofauti hii itakuwa na maana zaidi mwishoni mwa makala.

Kiko cha wazee na moto wa kinywani

Kabla ya ukoloni tumbaku ya nchi ya ziwa ilikuwa zao la nyumbani. Ilipandwa kwa kiasi kidogo kando ya boma, mahali penye mbolea ya ng'ombe, ikakaushwa kwa jua na hewa, kisha ikapondwa au kusokotwa. Iliyobaki baada ya matumizi ya nyumbani ilibadilishwa kwa vitu vingine sokoni. Hapa yafaa kukumbuka kwamba jina la Kisumu lenyewe hunasibishwa na neno la Kiluo lihusulo kutafuta chakula kwa kubadilishana. Aliyelima ndiye aliyevuta, au alimjua aliyevuta.

Chombo chake kilikuwa kwesi, yaani kiko chenye bakuli la udongo. Kiko kilikuwa alama ya umri kuliko kuwa alama ya jinsia. Mzee wa kiume alivuta akiwa katika baraza la wenzake, na bibi mzee, ambaye alikwisha kupita umri wa kuzaa na kupata heshima ya ukongwe, hakukatazwa kuvuta. Aliyekatazwa alikuwa kijana. Hili ni tofauti kabisa na picha ya karne ya 20, ambapo mvutaji wa kawaida ni mwanamume wa makamo au kijana, na mwanamke avutaye hutazamwa kwa mshangao.

Pamoja na kiko iliendelea desturi nyingine, ambayo imewashangaza wageni wengi: kuvuta msokoto, na baadaye sigara, huku ncha yenye moto ikiwa ndani ya kinywa. Desturi hii imejulikana hasa miongoni mwa wanawake wazee wa Kiluo na pia miongoni mwa wavuvi. Maelezo yanayotolewa ni ya kazi zaidi kuliko ya mapambo. Mtu aliye katika mtumbwi usiku hutaka moto wake usizimwe na upepo wala mawimbi. Mwanamke anayepalilia au anayembeba mtoto hutaka mikono yake iwe huru na jivu lisimwangukie mtoto. Tumbaku inayowaka ndani ya kinywa pia huwaka polepole, na kwa hiyo hudumu.

Waluo si peke yao katika jambo hili. Uvutaji wa namna hiyo umeandikwa kwa muda mrefu katika pwani ya Andhra Pradesh nchini India, hasa miongoni mwa wanawake wa jamii za wavuvi, na pia katika sehemu za Sardinia, Panama na Ufilipino. Kwamba pwani ya wavuvi wa India na ufuko wa wavuvi wa ziwa zimefikia desturi moja bila kufundishana si ajabu, maadam upepo, maji na kazi ya mikono ni vile vile. Lakini utafiti uliofanywa India tangu miaka ya 1960 umeonyesha pia kwamba madhara yake si yale yale ya uvutaji wa kawaida. Joto na moshi huliunguza kaakaa, nalo hufanya mabaka na vidonda ambavyo baadhi yake hugeuka kuwa saratani. Mahali pa ugonjwa hufuata mahali pa moto.

Reli, duka na sigara

Tarehe 20 Desemba 1901 reli ilifika ufukoni mwa ziwa, katika kituo kilichoitwa Port Florence na ambacho kilipata kujulikana kwa jina lake la asili, Kisumu. Mwaka uliofuata yalitokea mambo mawili ambayo hayakuhusiana ila kwa matokeo yake. Kwanza, Jimbo la Mashariki la Uganda, ambalo Kisumu ilikuwa ndani yake, lilihamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza. Pili, huko London iliundwa kampuni ya British American Tobacco kutokana na mapatano ya makampuni makubwa ya Uingereza na Marekani. Msingi wa nguvu za makampuni hayo ulikuwa mashine ya kusokota sigara ambayo James Bonsack alipewa hataza yake mwaka 1881. Mashine hiyo ilifanya sigara nyingi kwa gharama ndogo mno, na sigara nyingi zilihitaji wanunuzi wengi.

Kampuni hiyo ilianza shughuli zake Mombasa mwaka 1907. Mwaka 1928 ilijenga kiwanda Jinja, penye chanzo cha Nile, na mwaka 1956 ikawa na kiwanda Nairobi. Kisumu ilikuwa katikati ya njia hizo, reli upande mmoja na meli za ziwa upande wa pili. Wenye maduka wa Kihindi, waliofuata reli na hata kuitangulia, waliifikisha sigara hadi katika masoko ya vijijini. Wahindi hao walikuwa na tumbaku yao pia, ile iliyofungwa katika tambuu pamoja na popoo na chokaa. Lakini hiyo ilibaki zaidi kuwa starehe ya jamii yao na ya baadhi ya Waswahili, haikuenea mashambani.

Mnunuzi wa sigara alikuwa mtu mpya. Kodi ya nyumba iliwalazimisha vijana kutafuta fedha, nao wakaenda kufanya kazi katika reli na bandari, katika mashamba ya miwa ya Miwani, katika mashamba ya chai ya Kericho, na mbali hadi Nairobi na Mombasa. Kijana ambaye nyumbani asingeruhusiwa kugusa kiko cha babu yake aliweza mjini kununua sigara kwa senti zake, bila ya kumwomba mtu. Sigara haikuhitaji shamba, wala kukausha, wala kusubiri uzee. Ilihitaji mshahara tu. Na kwa kuwa mishahara ilikuwa mikononi mwa wanaume, sigara ikawa ya wanaume.

Ushahidi wa maneno unaeleza jambo hili kwa ufupi. Ijapokuwa majina ya jani ni mengi na yanatofautiana, jina la sigara karibu ni moja kila mahali: sigara kwa Waswahili na Waluo, thigara kwa Wakikuyu, sigala kwa Waganda. Kitu kilichoenea polepole kutoka jirani hadi jirani kilipata majina mengi. Kitu kilichoenea kwa duka na reli kilikuja na jina lake. Dholuo hata hivyo haikulitupa neno lake la zamani. Ndawa ikapanuka ikawa jina la jani na pia la sigara, na kitenzi kikabaki madho. Ndiyo kusema, kwa Mluo sigara iliingia katika nyumba iliyokuwapo tayari, ilhali katika Kiswahili cha mjini ilijenga nyumba yake mwenyewe.

Kulikuwa pia na badiliko ambalo halikuonekana kwa macho. Moshi wa tumbaku iliyokaushwa kwa hewa, kama ile ya kiko, una hali ya magadi, na nikotini yake huweza kufyonzwa na ngozi laini ya kinywa. Ni kwa sababu hiyo hiyo watumiaji wa ugoro katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki huuchanganya na magadi, ili uwe mkali. Moshi wa tumbaku ya sigara, iliyokaushwa katika mabanda kwa hewa ya moto, una uchachu kidogo, na mvutaji hapati nikotini ya kutosha mpaka auingize mapafuni. Hivyo kuhama kutoka kiko hadi sigara kulikuwa pia kuhama kwa madhara, kutoka kinywani hadi kifuani.

Dini na mwiko wa tumbaku

Wakati sigara ilipokuwa ikiingia kwa reli, mwiko dhidi yake uliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1906 Arthur Carscallen wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, akiwa pamoja na Peter Nyambo aliyetoka Nyasaland, alianzisha misheni ya Gendia karibu na Kendu, upande wa kusini wa ghuba. Carscallen anakumbukwa na wanalugha kwa kazi yake ya sarufi na tafsiri katika Dholuo. Lakini kwa wanakijiji wa Karachuonyo misheni hiyo ilileta pia sharti lililoeleweka na kila mtu: anayetaka kubatizwa aache tumbaku.

Si kila kanisa lilifanya hivyo. Kanisa Katoliki na lile la Kianglikana, ambayo pia yalijenga misheni katika eneo hili katika miaka hiyo hiyo, hayakuufanya uvutaji kuwa kipimo cha ubatizo. Kwa hiyo tumbaku ikawa mpaka uliowatenga Wakristo na Wakristo wenzao, si Wakristo na wasio Wakristo tu. Msabato alitambulikana kwa siku aliyopumzika na kwa kitu asichokivuta. Baadaye, kanisa la Legio Maria, lililojitenga na Kanisa Katoliki mwaka 1963 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, nalo likawakataza waumini wake tumbaku na pombe.

Matokeo ya mafundisho hayo hayakuwa sawa kwa wote. Yalimwathiri zaidi mwanamke kuliko mwanamume. Mwanamume aliyeshindwa kushika sharti nyumbani aliweza kuvuta akiwa kazini mjini. Mwanamke aliyebaki kijijini, mbele ya macho ya jirani na mchungaji, hakuwa na nafasi hiyo. Shule za misheni nazo zilimfundisha msichana kwamba bibi yake mwenye kiko ni mfano wa mambo ya kale. Hivyo katika vizazi viwili au vitatu kiko cha bibi, ambacho zamani kilikuwa na heshima ya uzee, kikawa kitu cha kufichwa. Hapana budi kutambua kwamba kufichwa si kuachwa. Ugoro hauna moshi wala harufu ya kusambaa, na moto ulio ndani ya kinywa hauonekani gizani.

Jani la mkataba

Badiliko jingine kubwa lilikuja baada ya uhuru. Hadi miaka ya 1970 viwanda vya Kenya vilitegemea sana tumbaku iliyotoka Uganda na Tanzania. Machafuko ya Uganda chini ya Idi Amin, na kisha kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, kuliihatarisha njia hiyo. Tangu mwaka 1975 kampuni ya British American Tobacco ilikuwa imeanza kuwapa wakulima wadogo mikataba ya kulima tumbaku, na moja ya sehemu zilizochaguliwa ni ile iliyokuwa Wilaya ya South Nyanza, hasa nchi ya Migori na Kuria. Mwaka 1987 ikaundwa kampuni ya Kikenya ya Mastermind, ambayo sigara yake ya Supermatch ilishindana sokoni na Sportsman ya kampuni ya zamani.

Mkulima wa mkataba alipewa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, akalima, akakausha majani katika banda kwa moto wa kuni, kisha akauza kwa kampuni ile ile iliyomkopesha, nayo ikakata deni lake kwanza. Kuni zilikatwa karibu, na miti ilipungua. Kazi ya kuchuma na kufunga majani ilikuwa ya familia nzima, watoto na akina mama wakiwamo, ilhali jina lililoandikwa katika mkataba aghalabu lilikuwa la baba.

Tofauti ya mkulima huyu na babu yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Babu alilima jani alilolivuta na kulipa jina. Mjukuu alilima jani ambalo hakukusudia kulivuta, lililopelekwa kiwandani Thika na Nairobi na kurudi likiwa sigara ndani ya pakiti. Kwa mara ya kwanza katika historia ya ufuko huu, kulima na kutumia vilitenganishwa kabisa. Mtu aliweza kuwa mkulima wa tumbaku na asiwe mvutaji, na akawa mvutaji bila ya kupata kuona mmea wenyewe. Wakati huo huo uvuvi wa mbuta, uliostawi sana katika miaka ya 1980, uliwapa vijana wa ufukoni fedha taslimu za kila siku, na sigara moja moja ikawa bidhaa ya kawaida katika vibanda vya fuo za wavuvi.

Upepo uligeuka tena baada ya mwaka 2000. Kenya iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwezi Juni 2004, na Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Mwaka 2022, katika Migori ile ile, ulizinduliwa mradi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali wa kuwasaidia wakulima waache tumbaku na kulima maharagwe yenye wingi wa madini ya chuma.

Lugha ya onyo na lugha ya watu

Sheria ya mwaka 2007 ilitaka maonyo ya afya yaandikwe katika pakiti kwa Kiingereza na Kiswahili. Kanuni za mwaka 2014, zilizopingwa mahakamani na kampuni ya tumbaku hadi Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu mwaka 2019 na kuziacha zisimame, zilitaka pia picha. Kwa mara ya kwanza Kiswahili kikawa lugha ya kisheria ya kumwambia Mkenya habari ya tumbaku. Swali la kuuliza ni hili: Kiswahili hicho kinamwambia nani?

Uchunguzi wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanywa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 11.6 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 na zaidi, yaani kama watu milioni 2.5, walitumia tumbaku kwa namna fulani. Kati ya wanaume, asilimia 15.1 walivuta na asilimia 5.3 walitumia tumbaku isiyo na moshi. Kati ya wanawake, asilimia 0.8 tu walivuta, lakini asilimia 3.8 walitumia tumbaku isiyo na moshi, yaani ya kunusa, kutafuna au kuweka mdomoni. Takwimu hizi ni za nchi nzima, wala si za Nyanza peke yake. Hata hivyo umbo lake linalingana na historia iliyoelezwa hapo juu. Sigara ilimpita mwanamke kando, naye akabaki na jani. Kwa kila mwanamke mmoja mvutaji, wako zaidi ya wanne wanaotumia tumbaku bila ya moshi.

Yatosha sasa kufikiri juu ya swali la kawaida ambalo mhudumu wa afya angemwuliza bibi mzee katika zahanati ya ufukoni: "Mama, unavuta sigara?" Ikiwa bibi huyo hunusa ugoro, atajibu kwamba havuti, na jibu lake ni la kweli. Ikiwa huweka msokoto wa jani la shambani kinywani moto ukiwa ndani, bado anaweza kujibu kwamba havuti sigara, kwa kuwa sigara ni ile ya dukani. Na katika lugha yake mwenyewe yeye havuti kitu chochote, bali hunywa ndawa. Swali limetengenezwa kwa ajili ya mwanamume wa mshahara wa mwaka 1950, nalo linaulizwa kwa mwanamke ambaye historia yake ni nyingine. Kidonda cha kaakaa hakitatafutwa, kwa sababu hakuna aliyesikia habari ya moto.

Lugha ya vijana nayo inaelekea upande ule ule. Katika Sheng sigara ina majina mapya, kama vile fegi na mozo, ambayo hubadilika kwa haraka ili wakubwa wasielewe. Lakini neno ugoro limepata maana ya upuuzi, maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Zoea la wazee limegeuzwa tusi. Ni nani basi atakayekiri hadharani kwamba anatumia kitu ambacho jina lake ni jina la upuuzi?

Hitimisho

Historia ya tumbaku katika ufuko wa Kisumu si historia ya zoea moja lililokua na kisha kupungua. Ni historia ya mazoea kadhaa yaliyokaa pamoja, kila moja likiwa na watu wake. Kiko kilikuwa cha wazee wa kiume na wa kike. Sigara ilikuwa ya vijana wa kiume wenye fedha. Mwiko ulikuwa wa Msabato na wa Legio. Jani la mkataba lilikuwa la mkulima asiyelazimika kulivuta. Na ugoro ukabaki kwa wale ambao soko na misheni havikuwapa nafasi ya kuonekana. Zoea jipya lilipokuja halikuliua la zamani. Lilililinyang'anya jina tu.

Kwa wanalugha somo liko wazi. Kamusi ya Kiswahili inayotoa nafasi kubwa kwa sigara na kuupa ugoro nusu mstari, bila kueleza unatumiwaje na nani, inafuata soko badala ya kufuata watu. Wanaotunga maonyo na maswali ya afya wangefaidika kwa kuanza na neno pana, yaani kutumia tumbaku, kisha kushuka hadi kuvuta, kunusa, kutafuna na kuweka mdomoni; na kwa wale wa ufuko wa ziwa, kuuliza kwa Dholuo habari ya ndawa, na kuuliza pia moto huwekwa upande gani. Maneno hayo yote yapo tayari katika vinywa vya watu. Hayahitaji kubuniwa, yanahitaji kusikilizwa na kuandikwa kabla ya wazee wanaoyajua kuondoka nayo.